Mwenyeji si Mzalia: Mimea ya Kisiwa cha Lord Howe na Upungufu wa Istilahi Zetu

Katika zoezi moja la tafsiri, darasa letu lilipewa matini fupi ya kisayansi kuhusu mimea ya Kisiwa cha Lord Howe. Matini yenyewe haikuwa ngumu. Ilieleza kwamba kisiwa hicho kina takriban aina 240 za mimea iliyofika huko bila ya kuletwa na binadamu, na kwamba karibu nusu ya aina hizo chimbuko lake ni hapo tu, wala hazimei porini mahali pengine popote duniani. Kiingereza kina istilahi mbili tofauti kwa dhana hizo mbili. Tulipozilinganisha tafsiri zetu, ilibainika kwamba wengi wetu tulikuwa tumeandika "mimea ya asili" katika sehemu zote mbili. Sentensi ikasomeka hivi: karibu nusu ya mimea ya asili ya kisiwa hicho ni mimea ya asili.

Tulicheka sana siku hiyo. Hata hivyo, kicheko kilipotulia, mwenzetu mmoja alitoa hoja ambayo imenikera tangu wakati huo na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii. Alisema kwamba kosa lile halikuwa na uzito wowote, kwa sababu hakuna Mswahili anayehitaji kuizungumzia mimea ya kisiwa kilichoko upande wa pili wa dunia. Wapo wasomi wengi wanaoshikilia msimamo kama huo, ijapokuwa si wote wanaothubutu kuutamka. Nia yangu hapa ni kuupinga. Nitadai kwamba kisiwa hicho kidogo kinatufaa kwa sababu kinatulazimisha kutenganisha dhana ambazo tumezoea kuzifunga katika mzigo mmoja wa neno "asili", na kwamba Kiswahili kina neno zuri tayari, ila tumeliacha libandike vumbi.

Kwanza, tukifahamu kisiwa chenyewe. Lord Howe kiko katika Bahari ya Tasman, yapata kilomita 600 mashariki mwa pwani ya Australia, kwenye latitudo ya nyuzi 31 kusini mwa Ikweta, katika ukanda unaopakana na tropiki. Ni kisiwa chembamba chenye urefu wa takriban kilomita 11 na eneo lisilozidi kilomita 15 za mraba. Kilizuka baharini kutokana na volkano karibu miaka milioni saba iliyopita, na hakijawahi kuungana na bara lolote. Upande wake wa kusini kuna milima miwili, Lidgbird wenye mita 777 na Gower wenye mita 875, ambao kilele chake hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Mabaharia Waingereza wa merikebu ya Supply walikiona mwezi wa Februari 1788, na hakuna ushahidi wowote kwamba binadamu aliwahi kuishi huko kabla yao. Makazi ya kudumu yalianza mwaka wa 1834. Mwaka wa 1982 kisiwa kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakaazi wake leo ni mia chache tu, na wageni wanaoruhusiwa kuwapo kwa wakati mmoja hawazidi 400.

Maadamu kisiwa hakijawahi kugusana na bara, kila mmea ulioko huko lazima uwe ulifika kwa njia fulani. Ipo mbegu iliyoelea juu ya maji, ipo iliyopeperushwa na upepo, na ipo iliyobebwa tumboni mwa ndege au kwenye unyoya wake. Nyingine zimeletwa na watu. Hapo ndipo ugumu wa istilahi unapoanzia.

Tuchukue mpera mdogo wenye matunda mekundu, ambao uliletwa na binadamu na ambao sasa ni gugu sugu katika misitu ya kisiwa hicho. Huyo ni mgeni, na tena ni mgeni aliyegeuka mvamizi. Maneno hayo mawili tunayo, na tunayatumia bila tatizo. Tuchukue pia Dodonaea viscosa, kichaka ambacho kilifika Lord Howe chenyewe, lakini ambacho pia humea Australia bara, na humea hapa kwetu Afrika Mashariki. Huyo si mgeni, kwa kuwa hakuletwa na mtu. Kwa maoni yangu, jina linalomfaa ni mwenyeji. Ana haki ya mahali pale, ila anayo makwao mengine mengi.

Sasa tuutazame mti mmoja wa jamii ya mitende uitwao Howea forsteriana. Unao ndugu wa karibu, Howea belmoreana, na jenasi nzima ya Howea ina spishi hizo mbili tu, zote za Lord Howe. Mwaka wa 2006, Vincent Savolainen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba spishi hizo mbili zilitengana baada ya kisiwa kuzuka, na kwamba zilitengana papo hapo kisiwani bila ya kutenganishwa na bahari wala mlima. Mmoja ulizoea udongo wa chokaa wa sehemu za chini, mwingine ukabaki katika udongo wa volkano. Kisha majira yao ya kutoa maua yakaachana kwa majuma kadhaa. Miti yenyewe huchavushwa kwa upepo. Basi ukiwa chavua yako inaruka wakati maua ya jirani bado hayajafunguka, hata kama mmesimama bega kwa bega hamtaoana. Wanabiolojia walikuwa wamebishana kwa miaka mingi kama jambo kama hilo linawezekana, na mitende hiyo miwili imekuwa miongoni mwa mifano inayotajwa zaidi katika mjadala huo.

Je, mti kama huo tuuite nini? Babu yake alitoka ng'ambo. Yeye mwenyewe hakutoka popote, bali alizaliwa pale. Nadai kwamba jina lake ni mzalia.

Msomaji anayeijua historia ya pwani huenda akashtuka, na ana sababu. Katika karne ya 19, mzalia hakuwa mtu yeyote tu aliyezaliwa mahali. Neno hilo lilitumika hasa kwa mtoto wa mtumwa aliyezaliwa pwani, ili kumtofautisha na mtumwa aliyeletwa kutoka bara akiwa mtu mzima. Mzalia alijua lugha, alijua dini na desturi za mji, na hakuwa na kwao kwingine kwa kurudi. Ilhali waungwana waliendelea kumkumbusha kwamba wazazi wake walikuwa watu wa kuja. Ni neno lenye uchungu ndani yake, na sitaki kulisafisha ili lionekane jipya. Lakini tukitafuta katika msamiati wetu wote neno lililokwisha kubeba dhana ya kiumbe ambacho wazee wake walivushwa kutoka mbali na ambacho chenyewe ni zao la mahali pale hasa, hatutapata linalolikaribia hilo. Istilahi bora aghalabu haziundwi mezani. Huokotwa pale zilipoangushwa na watu waliozihitaji kwa dhati.

Ipo hoja nyingine inayonivuta upande huo. Wengi hupendekeza tuseme "mimea ya kipekee" au "mimea inayopatikana hapo pekee". Neno "kipekee" limekwisha kuchukuliwa na watangazaji wa utalii, na sasa lina maana ya kitu kizuri kisichokuwa na mfano. Nyasi duni isiyopigwa picha na mtu yeyote inaweza kuwa mzalia wa Lord Howe sawasawa na mti wenye fahari. Ama kuhusu "inapatikana hapo pekee", hiyo ni kauli isiyokuwa kweli. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, mbegu za Howea forsteriana zimesafirishwa kutoka kisiwani na kuuzwa nje, kwa sababu mti huo huvumilia giza la ndani ya nyumba na kutotunzwa vizuri. Uingereza ya Malkia Victoria iliupenda mno, na hadi leo umo ndani ya vyungu katika kumbi za hoteli na ofisi kote duniani, ukijulikana kwa jina la biashara la kentia. Huenda msomaji amewahi kuketi kando yake akisubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kazi. Mti uliosambaa hivyo hauwezi kuitwa "wa hapo pekee" bila ya maelezo marefu. Lakini mzalia wa Lamu anaweza kuishi Nairobi miaka 40 na akabaki mzalia wa Lamu. Neno hilo linataja chimbuko, halitaji anwani.

Si wazalia wote wenye hadithi moja, nakiri. Kuna kichaka cha jamii ya kunde kiitwacho Carmichaelia exsul, ambacho ndugu zake wote wa jenasi hiyo wako New Zealand. Aliyekipa jina la Kilatini alichagua neno lenye maana ya mtu aliyehamishwa kwao. Naye alikuwa akitafuta lugha ya binadamu ili aeleze hali ya mmea, na akaangukia upande wa huzuni. Kuna pia Dietes robinsoniana, yungiyungi jeupe la kupendeza ambalo wakaazi huliita ua la harusi. Ndugu wa ua hilo wote wako barani Afrika, mmojawapo akiwa Dietes iridioides amea porini hapa Kenya. Kati ya Afrika na Bahari ya Tasman hakuna hata mmoja. Kila nikilifikiria ua hilo, hoja ya mwenzetu kwamba kisiwa hicho hakituhusu hunijia akilini, na hujikuta nikitabasamu.

Tatizo hili halina uhusiano na ufasaha wa tafsiri pekee. Neno likikosekana, hatari nayo haionekani. Mwezi wa Juni 1918, meli ya Makambo ilikwama kwenye ufuo wa Lord Howe, na panya weusi wakateremka nchi kavu. Kisiwa hakikuwa na panya wa aina hiyo kabla ya hapo. Katika miaka michache iliyofuata, aina tano za ndege zilitoweka. Mdudu mkubwa wa jamii ya vijiti, asiyekuwa na mbawa, akamalizwa kabisa kisiwani. Watu walilipwa kwa kila mkia wa panya walioua. Bundi wakaletwa kutoka Australia wawale panya, nao bundi wakageuka balaa jingine kwa ndege waliosalia. Miti haikukimbia, kwa kuwa miti haina miguu. Panya walikula mbegu, wakala na miche.

Hapo ndipo tofauti ya mwenyeji na mzalia inapoacha kuwa ya kamusi. Panya wakila kila mbegu ya Dodonaea kisiwani, hasara ipo, lakini mbegu nyingine zinaweza kuletwa na mawimbi, au na mtu, kutoka pwani nyingine. Sasa mfikirie mtende mdogo wa milimani uitwao Lepidorrhachis mooreana. Jenasi yake ina spishi hiyo moja tu. Unamea kuanzia takriban mita 700 kwenda juu, kwenye vilele vya Gower na Lidgbird, ndani ya msitu wa mawingu ambao miti yake imepindapinda na kuvaa kuvu na kungugu. Matunda yake yalikuwa chakula cha panya kwa miaka 100. Miti mizee iliendelea kusimama, na mpita njia angeweza kudhani kwamba msitu ni mzima, ilhali palikuwa na wazee wasiokuwa na watoto. Ungekufa pale, hakuna pwani nyingine ambayo mbegu ingetoka. Mwandishi wa Kiswahili anayeziita Dodonaea na Lepidorrhachis "mimea ya asili" amemwambia msomaji wake kwamba misiba hiyo miwili ni sawa.

Mwaka wa 2019, baada ya mabishano makali yaliyowagawanya wakaazi, kulifanywa operesheni ya kutega sumu kisiwa kizima, kwa mkono na kwa helikopta, ili kuwamaliza panya wote. Wapo walioogopa sumu, na wapo waliochoka kuambiwa na watu wa bara namna ya kuishi. Siwalaumu. Baadaye, mwaka wa 2021, panya wachache walionekana tena na wakasakwa. Lakini tangu operesheni ile miche ya mitende imeonekana kuchipuka kwa wingi msituni. Hata hivyo, mambo hayajatulia. Mwaka wa 2023 ugonjwa wa kutu unaosababishwa na kuvu, ambao hushambulia mimea ya jamii ya mipera na mikaratusi, ulionekana kisiwani, na sehemu kubwa ya msitu ikafungwa kwa wageni. Na juu ya hayo yote kuna suala la mawingu: hewa ikizidi kupata joto na mawingu yakapanda, msitu wa kilele hauna pa kupandia, kwani mlima umekwisha.

Niliwataja wadudu wa jamii ya vijiti. Mwaka wa 2001 watafiti waliupanda mwamba uitwao Ball's Pyramid, jiwe kali linalochomoza baharini kilomita 23 hivi kutoka Lord Howe, wakawakuta wadudu hao waliodhaniwa kuwa wamekwisha, 24 tu, chini ya kichaka kimoja cha Melaleuca howeana, ambacho nacho ni mzalia wa visiwa hivyo. Wanabiolojia wana istilahi ya kiumbe kilichobaki mahali pamoja baada ya kufutika kwingine kote alikokuwa. Sisi tunaweza kukiita salio, na vingi masalio. Nilikuwa nimeanza kusema "spishi zalia" na "spishi salia", nikajiona nimepata jozi ya kupendeza. Kisha nikakumbuka kwamba wapo miongoni mwetu, nami nikiwamo nikiwa nimechoka, ambao ndimi zao hazitofautishi z na s, na mhadhara mzima ungeharibika kwa herufi moja. Basi na iwe mzalia na salio.

Kuhusu majina ya mimea mmoja mmoja, tahadhari inahitajika zaidi. Kiswahili kina mnazi, mtende, mchikichi, mvumo, mkoma na mpopoo, kila mmoja na sifa zake, lakini hakina neno moja la kuijumlisha jamii yote. Ndiyo maana nimeandika "jamii ya mitende", nikijua kwamba Howea haizai tende. Wakaazi wa Lord Howe waliezeka nyumba zao za mwanzo kwa majani ya Howea forsteriana, na jina lao la kienyeji kwa mti huo lina maana ya mtende wa kuezekea. Mtu wa pwani akisikia hivyo ataelewa mara moja, atauita mti wa makuti. Lakini kuna mwingine, Negria rhabdothamnoides, ambao jina lake la kienyeji likitafsiriwa sisisi linakuwa "mti wa maboga". Hauzai maboga. Uko katika familia moja na yale maua ya Saintpaulia ya Milima ya Usambara, ambayo nayo yamesambazwa ulimwenguni ndani ya vyungu huku makwao misitu ikipungua.

Lord Howe hakikuwa na watu, kwa hiyo mimea yake haikuwa na jina lolote la binadamu hadi juzi tu. Waliofika waliipa majina ya magavana na wakuu wa bustani. Visiwa vyetu havikuwa hivyo. Pemba, katika Msitu wa Ngezi, kuna mtende ambao chimbuko lake ni kisiwa hicho tu, nao una jina: mpapindi. Jina hilo lilikuwapo kabla ya Kilatini chake. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanaolijua? Tunakariri methali ya mwacha asili ni mtumwa katika kila mhadhara wa ushairi, na bado mpapindi tukikutana nao katika matini tutaandika "aina ya mnazi wa asili".

Napendekeza, basi, kwamba wanachama wa chama chetu wanaofanya miradi ya istilahi wazitenge dhana tano: mgeni, mvamizi, mwenyeji, mzalia na salio, na waache "asili" libaki neno la jumla kwa mazungumzo ya jumla. Nimerudi kuisahihisha sentensi yangu ya darasani. Sasa inasomeka: "Karibu nusu ya mimea wenyeji ya Kisiwa cha Lord Howe ni mizalia." Mhadhiri aliyeisoma aliikubali maana yake, ila aliwekea alama ya kuuliza upatanisho wa kisarufi. Akauliza kwa nini mwenyeji abaki katika ngeli ya watu ilhali mzalia nimemhamishia katika ngeli ya miti. Sikuwa na jibu. Kuna anayesema "mimea wazalia", na kuna anayependelea "mimea zalia" kwa kufuata mfano wa "mimea vamizi", ambao umekwisha kukubalika. Mimi naegemea huo wa mwisho kwa sababu wepesi wake unaufaa uandishi wa sayansi, lakini wataalamu wa ngeli wanaosoma jarida hili wananizidi, na ningependa kuwasikia katika toleo lijalo.